Mgongo wa Babu Ndoano

Mtu anayeishi kwa kuigiza mzee mwenye mgongo mbovu hana haki ya kuumwa mgongo. Hakuna mahali sheria hiyo imeandikwa, lakini mtu wetu aliijua siku ile aliyoinama bafuni kuokota sabuni, akapiga chafya akiwa bado chini, na kitu kikalia "kach!" juu kidogo ya makalio. Akabaki palepale, uchi wa mnyama, uso unatazama sakafu, povu linamtiririka masikioni, hapandi wala hashuki.

Akaita. Mkewe ni msusi, na asubuhi hiyo alikuwa na mteja sebuleni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Akaja mbio, akafungua mlango, akamwona, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Mume wangu wee! Mazoezi mpaka bafuni?"

"Nimekwama."

"Na sauti umeipatia! Hebu sema tena."

"Mke wangu, naapa, nimekwama!"

"Shoga, njoo usikie mambo huku," mkewe akamwita mteja. Kisha akakumbuka mumewe alivyo, akamrushia taulo mgongoni kumsitiri. Alipopiga yowe kwa uzito wa taulo, wanawake wawili wakampigia makofi.

Tusiwalaumu sana. Miaka ishirini na miwili mtu huyu amekuwa Babu Ndoano. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wenye viti vya plastiki mia mbili na feni moja inayozunguka ikijisikia, alivaa koti refu kuukuu, akashika mkongojo, akajikunja mpaka pua ikakaribia magoti, akaingia jukwaani kinyumenyume. Hakuwa amesema neno, makalio tu yalikuwa yameonekana, na tayari watu wanavunjika mbavu. Mtaani wanamwita Babu Ndoano. Walimu wa wanawe wanamwandikia barua "Mheshimiwa Ndoano". Jina lake la kuzaliwa lilikuwa linajulikana na mkewe na watu wa vitambulisho, na mkewe alikuwa ameanza kulisahau.

Hospitalini nako kukawa vilevile. Nesi alitaka kwanza wapige picha pamoja. Daktari, mtu mzima na miwani yake, alimtazama anavyoingia mlangoni ubavu ubavu, akajifuta machozi ya kicheko.

"Mzee wetu, mimi sikosi Jumamosi hata moja," alisema. "Haya, tuache utani. Unaumwa nini?"

"Mgongo."

Daktari akacheka upya. Ilibidi picha ya eksirei itundikwe kwenye taa ndipo akanyamaza, akasogea karibu, akakuna kidevu. Pingili mbili za chini zilikuwa zimebanana na kusukuma kilichokuwa katikati yake, na hicho kilichosukumwa kilikuwa kinaugandamiza mshipa unaoshuka mguuni. Ndiyo sababu ya ule moto uliokuwa ukimwashia kuanzia kiunoni mpaka kisigino.

"Usibebe kitu kizito. Usikae muda mrefu. Na usiiname kabisa. Kazi yako hasa ni... " Daktari akakatiza, kalamu mkononi.

"Kuinama, daktari."

Akarudi nyumbani na dawa za maumivu na karatasi yenye vikatuni vya watu wanaofanya mazoezi huku wanatabasamu. Akalala sakafuni kwenye mkeka, maana kitanda kilikuwa kimegeuka adui. Na usimdhanie kwamba aliogopa maumivu. Maumivu aliyatukana, yakapungua, yakarudi, akayatukana tena. Alichoogopa ni Sumaku.

Sumaku ni mwigizaji mwenzake, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye meno mengi, na hilo jina alipewa kwa sababu maneno ya wenzake humnata. Ukipewa mstari wa kuchekesha, wiki ijayo unausikia kinywani mwake. Siku ya tatu alikuja kumtazama mgonjwa, amefuatana na mkuu wa kikundi, mama mmoja aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mpaka leo hajaacha. Wanaume wenye ndevu zao humnyooshea mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wanamwita Mwalimu.

"Pumzika, kaka," Sumaku akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Afya kwanza. Babu Ndoano usimhofie, sisi tupo."

Akainuka, akajikunja, akashika kiuno kwa mikono miwili, akavuka sebule kinyumenyume akikohoa. Na kibaya ni kwamba hakuwa mbaya. Msusi mwenyewe, kitana mdomoni, alicheka kidogo kabla ya kujikumbuka kwamba yeye ni mke wa nani.

"Sikiliza," Mwalimu alisema, akimwangalia mgonjwa kule chini kwenye mkeka. "Jumamosi ijayo tuna mchezo mpya, Babu Ndoano anakwenda kuposa. Ukiweza, unacheza. Usipoweza, anacheza Sumaku, na akishaanza yeye simtoi. Siwezi kuwabadilishia watu babu kila wiki."

"Mwalimu, Babu Ndoano nimemtunga mimi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe badala ya kukutumia ujumbe."

Walipoondoka aligeuzia uso ukutani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, hana kazi nyingine anayoijua, na hata angekuwa nayo asingeitaka. Pale jukwaani, ukumbi unapocheka wote kwa pamoja, alijisikia mtu mwenye maana duniani. Nje ya hapo alikuwa baba wa watoto watatu anayesahau kununua balbu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo yeye hakumwambia mtu. Aliposema Babu Ndoano kamtunga yeye, aliongopa. Alimwiba. Chumba cha uani cha nyumba hiyohiyo alikaa baba yake, seremala mstaafu, ambaye miaka arobaini ya kupiga randa ilikuwa imemkunja kama bawaba. Lile koti lilishonwa kwa kufuata koti la mzee. Kile kikohozi cha mara tatu, cha tatu kikichelewa, kilikuwa cha mzee. Hata ule msemo wa Babu Ndoano uliopendwa na watoto wa shule, "Mgongo huu una mdomo!", mzee ndiye aliyeusema, asubuhi moja, akifunga mkanda. Miaka ishirini na miwili watu wamemcheka mzee, mzee yuko uani anasikiliza redio, na baba na mtoto hawajawahi kulizungumza. Walizungumza habari za mvua, bomba linalovuja na matokeo ya mpira. Mwana alijipa moyo kwamba baba hajui.

Jioni ileile mzee akaingia sebuleni taratibu, akasimama juu ya mkeka.

"Umelala vibaya," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelala vibaya. Lala ubavu, kunja magoti, weka mto katikati yake. Nani kakufundisha kulala chali kama maiti?"

Akafanya alivyoambiwa. Ule moto wa mguuni ukapungua papo hapo, na nusura alie kwa shukrani.

"Sasa amka. Usiinue kichwa! Kichwa kinaamka mwisho. Shusha miguu, sukuma sakafu kwa mkono, pumua nje. Ehe. Goti moja. Tulia. Usiwe na haraka, hakuna anayekufukuza. Sasa la pili."

Na mtu aliyekuwa akiinuliwa na watu wawili tangu aumie akajikuta amesimama mwenyewe. Mzee akamtazama kutoka chini, akakohoa mara tatu.

"Kumbe unaweza kufundishika," alisema. "Nilidhani wewe ni wa kuiga tu."

Mwana akajitia hamnazo. "Kuiga nini, baba?"

"Usinifanye mtoto. Nimekuja ukumbini kwako mara tisa. Nakaa nyuma, navaa kofia." Mzee akavuta kiti kirefu, akajisogeza juu yake nusu tako, jinsi alivyokaa siku zote. "Kikohozi umekipata. Koti zuri. Lakini mgongo hukuuelewa hata siku moja. Tangu lini mtu mwenye mgongo akashika kiuno kwa mikono miwili? Mkono mmoja unashika kiuno. Wa pili unatafuta pa kushika! Mlango, ukuta, bega la mtu usiyemjua. Miaka ishirini na miwili natamani kupanda nikurekebishe."

Mwana hakujua afanye nini na uso wake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kukawa na hasira ya msanii aliyekosolewa. Hasira ikawahi.

"Watu wanacheka, baba."

"Watu watacheka hata ukiteleza kwenye kinyesi cha kuku. Mimi nazungumzia kazi."

Basi kazi ikaanza. Kila siku, mke akisuka sebuleni na wateja wakitazama bila kulipia, mzee alimfundisha mwanawe kuwa mzee. Alikuwa mkali kuliko Mwalimu. Alimfundisha kwamba kuinama hakuumi kama kunyooka kunavyouma, kwa hiyo Babu Ndoano asilie akishuka, alie akipanda. Alimfundisha kwamba mtu wa mgongo hageuzi shingo. Anageuka mzima mzima, kwa hiyo akiitwa kwa nyuma anachelewa kujua nani kamwita. Somo la kofia peke yake lilichukua alasiri nzima.

"Kofia imeanguka. Unafanya nini?"

"Nainama pole pole nai..."

"Mpumbavu. Kwanza unaitukana."

"Naitukana?"

"Si imekuangukia makusudi? Unaitukana. Kisha unaitazama. Unajiuliza, hivi hii kofia naihitaji kweli? Uvunguni mwa kitanda changu kuna kitana, soksi na betri mbili tangu mama yako yuko hai. Nimezitazama, nikaona naweza kuishi bila hizo."

Wanawake walicheka mpaka msusi akasuka mstari kombo akalazimika kuufumua. Mwana alicheka pia, akishika kiuno kwa mkono mmoja na kabati kwa wa pili. Kisha mzee, bila kubadili sauti, akaongeza, "Wewe nilikubeba mara ya mwisho ukiwa na miaka mitatu. Ulikuwa unanyoosha mikono, mimi najifanya sikuoni." Akakohoa. "Haya, rudia kofia."

Akairudia. Hakuiona vizuri kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, lakini aliitukana ipasavyo.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulifurika. Alikuwa amemeza vidonge, amejifunga mkanda mpana wa kiunoni chini ya koti, na alikuwa na makubaliano na kila mtu jukwaani: hakuna kumgusa mgongo. Alilirudia hilo mara kumi kwa mwigizaji wa sehemu ya mjane anayeposwa, mama mnene mchangamfu ambaye kila mchezo ulipofika patamu alikuwa na kawaida ya kumchapa Babu Ndoano kofi la mgongo, na watu walilipenda kofi hilo. "Nimeelewa, jamani, mimi si mtoto," mama alisema. Sumaku alikaa pembeni mwa pazia, amevaa koti lake kabisa, eti la akiba. Mzee alikaa mstari wa mbele, hana kofia.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Aliingia kwa mbele, si kwa nyuma, mkono mmoja kiunoni, wa pili unapapasa hewa. Ukumbi ukangoja makalio. Makalio hayakuja. Watu wakacheka kwa adabu, na kule pembeni meno ya Sumaku yakaonekana. Akaendelea hivyohivyo, akafika kwenye mlango wa mjane, akaushika mlango, mlango ukafunguka, akaondoka nao. Hapo wakacheka vizuri. Kisha kofia ikaanguka. Akaitukana. Akaitazama. Akaizunguka, akaitazama upande wa pili kama labda kwa huku iko karibu zaidi. Bibi mmoja nyuma kabisa akapaza sauti, "Iache, baba, haina faida!" Na ukumbi ukalipuka.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna hiyo. Wazee walikuwa wanapigana mabega na kuonyeshana viuno. Alikuwa amewashika wote, na alijua kwamba amewashika, na furaha ikampanda kichwani akasahau kwamba ana mgongo. Akaposa. Mjane akakubali. Na mama yule, kwa utamu wa mambo, na kwa mazoea ya miaka kumi na minane, akainua kiganja akamchapa kofi la mgongo.

Akaanguka kwa magoti na viganja, akatoa yowe moja refu. Watu wakainuka vitini kwa kucheka.

"Nimeumia!" alisema.

Wakapiga makofi.

"Si mchezo! Naumwa kweli! Mwiteni daktari!"

Daktari alikuwapo, mstari wa nne. Alikuwa amevua miwani anaifuta, mabega yanamtikisika. Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na hilo nalo wakaliona ni uigizaji wa hali ya juu. Pembeni mwa pazia Sumaku alikuwa anafunga vifungo vya koti. Akiwa pale chini, ameshika pumzi, anatazama mbao za jukwaa, mtu huyu alijua kwamba mambo yamekwisha: watambeba kama kabati, pazia litafungwa, na Jumamosi ijayo Babu Ndoano atakuwa na meno mengi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee aliinuka mstari wa mbele, akaelekea kwenye ngazi. Ngazi zilikuwa tano. Alizipanda kwa ubavu, mguu mmoja, kisha wa pili, kupumzika, mguu mmoja. Ukumbi ulipomwona, na koti lake, na mgongo wake, ukashika vichwa. Babu Ndoano wawili! Alipofika ngazi ya nne watu walikuwa wanamhesabia kwa sauti. Yeye hakuwatazama. Akavuka jukwaa, akasimama juu ya mwanawe.

"Nani kakwambia ushike pumzi? Pumua, mpumbavu wewe."

"Baba, watu..."

"Achana na watu. Pumua nje. Kichwa kinaamka mwisho. Mkono huu kwenye goti langu. Usinivute! Nikianguka mimi, hapa wataleta kreni."

Goti moja. Kupumzika. La pili. Mwana akapanda juu kwa kushika suruali ya babaye, kisha mkanda, kisha bega, na alipofika bega, mgongo wa mzee nao ukakataa. Wakabaki hivyo, vipaji vya nyuso vimegusana, kila mmoja amemshika mwenzake, hakuna anayeweza kumwachia. Mwalimu kule nyuma alikuwa anapiga kelele, "Pazia! Pazia!" lakini wavuta pazia walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

"Sasa tunafanyaje?" mwana akanong'ona.

"Tunatembea. Mguu wangu wa kulia, wako wa kushoto. Twende."

Wakatoka hivyo, hatua moja moja, na ukumbi mzima ukasimama. Ilichukua dakika nne, na makofi hayakukatika.

Nyuma ya pazia waliwekwa kwenye benchi, mto huku, mto kule. Daktari alifika akihema, amegundua mwishowe, akaanza kuomba radhi na kupapasa pingili. Mjane alikuwa analia na kuapa atakata kile kiganja. Sumaku alilivua koti, akalitundika kwenye msumari, akatoka bila kuaga. Mwalimu alisimama mbele ya benchi, mikono nyuma, akiwatazama kwa zamu.

"Babu Ndoano ni wako," alimwambia mwana. "Hilo nimelifunga." Kisha akamgeukia mzee, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, yeye ndiye aliyeomba ruhusa. "Mzee wangu, samahani, unaweza kuja tena Jumamosi?"

Mzee akasema atafikiria. Mwalimu na wengine wakaondoka, wakabaki wawili, wanatazama ukuta, kwa sababu hakuna aliyeweza kugeuza shingo.

"Baba," mwana alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nakucheka. Mbele za watu. Nisamehe."

"Ni kweli, ulikuwa unanicheka," mzee alisema. "Tena vibaya. Leo ndiyo umenicheka vizuri."

Akakohoa mara mbili, ya tatu ikachelewa. Akauliza Jumatatu mazoezi yanaanza saa ngapi. Mwana, badala ya kumjibu, akaanza kulia kwa sauti mbele ya baba yake, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Kulia nako kulimuuma mgongo, kila kwikwi na mchomo wake, lakini alilia tu, na mzee, kwa mkono ule wa pili, akapapasa pembeni yake mpaka akalipata bega, akalishika.